UJIJI si uzio: hotuba kwa mafundi wa maandishi na wachapaji wa Kigoma

Shikamooni wazee wetu wa brashi. Vijana wa kompyuta, habari za mchana. Na ninyi wenye steshenari, wachapaji wa fulana, wakata stika, na mafundi wa boti mlioacha kazi ufukweni Kibirizi ili kuja kutusikiliza, karibuni sana, na poleni na jua.

Ubishi uliotuleta hapa mnaujua. Kijana anapakua fonti ya ajabu: herufi zimekatika katikati, au zimelalia nyuma, au zimenyimwa mikia. Mteja anaiona kwenye simu, anaipenda. Bango linapanda. Mzee anapita, anasimama, anatikisa kichwa: hiyo siyo herufi, ni vurugu. Kijana anajibu: mzee, macho yatazoea. Kila mmoja anaondoka akijiona ameshinda.

Wote wawili wana hoja, na hoja zao zimebishaniwa kwenye viwanda vya herufi vya Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka 200. Ila kuna jambo moja ambalo mabishano ya huko hayawezi kutusaidia. Yalifanyika kwa Kiingereza, Kijerumani na Kidachi. Fonti ya ajabu huumiza kila lugha mahali pake, na Kiswahili huumia pale ambapo Kiingereza hakihisi kitu. Kwa hiyo msituulize kama fonti ni nzuri au mbaya. Iandikeni kwanza kwa maneno yetu, kwa ukubwa wa kazi yenyewe, kisha tubishane.

Tuanze na jina la hapa hapa: UJIJI, kwa herufi kubwa, kama linavyoandikwa kwenye vioo vya daladala. Hesabuni mistari iliyosimama. U ina miwili, J mmoja, I mmoja, J mmoja, I mmoja. Sita. Kinachofanya tusome Ujiji ni vitu vitatu tu: tumbo la chini la U na ndoano mbili za J. Fonti nyingi za kisasa hufupisha ndoano ya J hadi iwe kama kucha, na nyingine huiondoa kabisa. U ikibanwa, tumbo lake linakuwa jembamba. Sasa mna miti sita imesimama mstari mmoja. Huo ni uzio wa boma, siyo jina la mji. KIBIRIZI lina herufi nane, nne kati yake ni I. KIGOMA lenyewe linategemea kidevu cha G. Kikiondolewa, tunaishi KICOMA. Na MWANDIGA linaanza na M na W, ambazo katika fonti nyingi ni umbo moja lililopinduliwa.

Wabunifu wa fonti huonyesha kazi zao kwa sentensi ya Kiingereza inayopita kwenye herufi zote 26, ile ya mbweha anayeruka mbwa. Sentensi hiyo inaitembelea Q, inaitembelea X, inampa kila mmoja angalau zamu moja. Kiswahili hakina Q wala X katika maneno yake, na C haitembei bila H. Kwa hiyo mbunifu anaweza kuipamba Q yake kama bibi harusi, nawe usiione hata siku moja. Zamu tunayoihitaji ni ya a, i, u, n, m, w na k. Andikeni «mwinyi», «ununuzi», «mumunye», «wanaimiliki», kisha UJIJI na KIBIRIZI. Fonti iliyopita hapo, imepita.

Mwaka 1821 kiwanda cha Caslon cha London kilitoa herufi iliyoitwa Italian. Tangu zamani kalamu imezoea kunenepesha mistari ya wima na kukondesha ya ulalo. Wao wakapindua: ulalo ukawa mnene kama tofali, wima ukawa mwembamba. Wachapaji wa wakati ule waliikebehi kama kioja. Lakini kwenye matangazo ilifanya kazi yake, kwa sababu mpita njia alisimama kuiangalia, na uzao wake ulikuja kujaa kwenye mabango ya sarakasi ya Marekani. Nani alikuwa sahihi? Wote, kwa Kiingereza. Iandikeni UJIJI kwa herufi hiyo na mtaona tunachosema: mistari sita ya wima ndiyo imekondeshwa, na kinachobaki kuonekana kwa mbali ni vipande vya unene juu na chini. Lugha yenye m, n, u, w, i na k nyingi hubeba sura yake kwenye wima. Ukiuiba wima, umeiba neno.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Mwaka 1967 Mdachi Wim Crouwel alitazama mashine mpya za kupanga herufi kwa mwanga, zilizochora kwa vidoti, akaona zinavyoharibu mikunjo ya herufi za zamani. Akasema, kama mashine haiwezi mkunjo, tuondoe mkunjo. Akabuni New Alphabet: mistari ya wima na ya ulalo tu, pembe zimekatwa kwa digrii 45, kila herufi upana mmoja. Kwa kuwa M na W haziingii kwenye upana huo, alizipata kwa kuweka mstari chini ya umbo la herufi nyingine. Mwenzake Gerard Unger alimjibu mwaka uleule kwamba mashine ndiyo imfuate binadamu, wala si kinyume chake. Crouwel mwenyewe hakudai kwamba herufi zile ni za kusomea kila siku. Alikuwa anatoa hoja. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliichukua pamoja na fonti nyingine 22 za kompyuta. Imefika makumbusho, sawa. Lakini fikirini lugha ambayo watu wake wengi, kuanzia mwalimu na mwanafunzi hadi mvuvi na mkulima, wanaanza na m, na baadhi yao na mw. Watu hao wote wangehitaji mstari chini yao. Rangi ikichubuka huko chini, mtu kabadilika jina.

Sasa hoja ya vijana, kwamba macho huzoea. Hii si porojo. John Baskerville wa Birmingham alipotoa herufi zake katika miaka ya 1750, zenye mistari minene kunenepa zaidi na myembamba kukonda zaidi, kuna waliodai zitawapofusha wasomaji. Benjamin Franklin, mchapaji wa Marekani, alimwandikia mwaka 1760 kumsimulia alichomfanyia mlalamikaji mmoja. Alichukua karatasi ya sampuli ya Caslon, herufi ambazo kila mtu alikuwa amezizoea, akachana sehemu yenye jina, akampa bwana yule akimwambia hizi ndizo za Baskerville, hebu nionyeshe kasoro. Bwana akaanza kuonyesha kasoro, moja baada ya nyingine, kwenye herufi alizozisoma maisha yake yote. Leo Baskerville ni herufi ya vitabu, hakuna anayeishtukia.

Zuzana Licko, aliyebuni fonti za kampuni ya Emigre huko California kuanzia 1984, alilisema jambo hilo kwa ufupi: watu husoma vizuri zaidi kile wanachokisoma mara nyingi zaidi. Na sisi tuna ushahidi wetu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi. Katika uandishi ule wa zamani alama moja ya chini ilisimama kwa e na i, na alama moja ya juu kwa o na u. Msomaji aliona umbo moja, akaamua mwenyewe kama ni «pole» au «puli». Watu walisoma tenzi, barua na hesabu za biashara, bila kupotea, kwa sababu walijua habari inahusu nini.

Hapo ndipo tunapoachana na vijana. Msomaji wa utenzi amekaa chini na anajua kinachofuata. Msomaji wa bango yuko juu ya bodaboda, hajui kinachofuata, na anapewa sekunde mbili au tatu. Mazoea huja kwa kurudiarudia, na bango la duka la dawa halirudiwi; mgonjwa anapita mara moja. Kwa jina la msanii kwenye fulana, ajabu ni ruksa, kwa sababu mvaaji analijua jina tayari na angependa wasiolijua waulize. Kwa mwelekeo wa zahanati, hapana.

Upande wa wazee nao una msemaji wake. Beatrice Warde, mwaka 1930 huko London, aliwaambia wachapaji kwamba herufi njema ni kama bilauri ya kioo safi: kazi yake ni kuonyesha kinywaji, isijionyeshe yenyewe. Ni maneno mazuri, na kwa kitabu tunayakubali yote. Kwa bango yana upungufu. Jina la boti linachorwa ili litazamwe. Boti kumi zikipaki Kibirizi, zote kwa fonti ile ile ya Arial, bilauri zote safi, na hakuna anayejua yake ni ipi.

Kuna fonti moja inabidi tuiseme kwa jina maana imejaa kwenye vibao vya watalii: ile ya herufi nene, zenye pembe kali, kama zimechongwa kwa shoka, ambayo mteja wa safari za Gombe au Mahale huiomba kwa jina la «fonti ya Kiafrika». Asili yake ni Neuland. Aliichonga Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923 kwa kiwanda cha Klingspor, mji wa Offenbach, akikata chuma moja kwa moja bila kuchora kwanza. Hakuwa akiwaza Afrika. Watangazaji na watengenezaji wa filamu wa Magharibi ndio waliokuja kuivisha safari, simba na msitu. Wapo wanaoichukia kwa hilo, wakisema inatuchora kama watu wa shoka. Wapo wasioona tatizo. Mtalii anaielewa, biashara inatembea. Sisi tuko na wanaoichukia, ila kwa sababu ya fundi kuliko ya siasa: haina herufi ndogo. Kila kitu ni kubwa, kila neno linakuwa sanduku la mstatili, na maneno ya Kiswahili ni marefu. «KARIBUNI WAGENI» inapendeza. «TAFADHALI MSIWAKARIBIE SOKWE» kwa Neuland inamchosha mtu kabla hajafika kwa sokwe.

Urefu wa maneno unatuleta kwenye hesabu, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo mabishano mengi yanapokwisha.

Kanuni ya kazi ni hii. Herufi ya kawaida, rangi ikiachana vizuri na ukuta, husomeka bila kujikaza kwa mita 1.2 kwa kila sentimita ya kimo. Mwisho wake, kwa macho mazima na mwanga wa mchana, ni kama mara tatu ya hapo. Herufi ya sentimita 10, basi, ni mita 12 kwa raha na mita 36 kwa kukodoa. Chukueni bango la upana wa sentimita 240 unaotumika, na maneno «UUZAJI WA PEMBEJEO ZA KILIMO» kwenye mstari mmoja. Ni herufi 24 na nafasi nne, jumla 28. Fonti ya kawaida, herufi na nafasi yake huchukua kama 0.7 ya kimo. Gawanyeni: mnapata kimo cha sentimita 12 hivi, yaani mita 14 na nusu za raha. Sasa wekeni ile fonti pana ya kisasa inayochukua 1.1 ya kimo. Kimo kinashuka hadi chini kidogo ya sentimita 8, na raha inakwisha mita tisa. Mteja amelipa bango lile lile, amepoteza zaidi ya theluthi ya umbali wa kusomeka. Upana wa fonti ni gharama, na anayeilipa ni yeye. (Meli ya Liemba, kwa mfano, ilibahatika. Ilishushwa hapa Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen, herufi 14. Jina jipya lina sita. Fundi aliyepewa ubavu huo anaweza kuchora herufi mara mbili ya zile.)

Unene nao. Kwa herufi kubwa, mstari uwe kati ya sehemu moja ya tano na moja ya saba ya kimo. Ukizidisha, tundu za A, B na O zinaziba; ukipunguza, jua la saa saba linaumeza mstari. Maandishi meupe juu ya rangi nyeusi au bluu huonekana manene kuliko yalivyo, hasa yakimulikwa usiku, kwa hiyo yapunguzieni unene kidogo na mpanue nafasi. Na herufi za duara, O, G, C, zipite mstari wa juu na wa chini kwa asilimia mbili hivi: milimita 2 kila upande kwa herufi ya sentimita 10. Mkiikata O sawasawa na mstari, jicho linaiona fupi, nanyi mtalaumu fonti wakati kosa ni la rula.

Stenseli ndiyo hakimu mkali wa fonti za ajabu, na hapa Kigoma bado inafanya kazi nyingi, kuanzia magunia hadi madumu ya mawese. Kila tundu lililofungwa linahitaji daraja, la sivyo kipande cha katikati kinadondoka. Kiswahili kimejaa tundu, maana silabi zetu huishia kwenye irabu. «Asali ya nyuki wadogo», maneno ambayo jirani zetu wa Tabora huyaandika kila msimu, ina tundu nane kwa herufi ndogo na saba kwa herufi kubwa. Hayo ni madaraja manane. Yakiwa chini ya milimita 5 kwenye kadibodi, kwa herufi ya sentimita 10, yanalowa na kuchanika baada ya magunia machache. Fonti ya kawaida ikiongezewa madaraja kwa pupa inakuwa mbaya. Hapa ile fonti iliyokatikakatika, ambayo mzee aliiita vurugu, ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu mbunifu wake aliwaza madaraja tangu mwanzo, yote upande mmoja na kwa mwinamo mmoja. Mwiteni mzee aione kwenye gunia. Huenda akanyamaza.

Rangi ya stenseli iwe nzito, brashi kavu, mpige kwa kugonga, msipake kwa kuvuta. Ikichuruzika chini ya kadibodi, tatizo ni rangi nyepesi, halihusiani na umbo la herufi.

Wakata stika, kwenu shida ni mbili. Fonti za kuunganisha, zile za mwandiko wa harusi, zina herufi zinazopandiana. Kwenye kioo cha kompyuta hamuoni, lakini kisu cha plota, ile mashine ya kukata stika, kinafuata kila mzingo, na kinakata mahali zinapopandiana. «Mwanaisha» inatoka vipande kumi. Geuzeni maandishi kuwa mchoro, ziunganisheni herufi ziwe umbo moja, ndipo mkate. Kuzigeuza kuwa mchoro kunawaokoa pia faili linapohamia kwenye kompyuta ya mwingine isiyo na fonti hiyo. Vinginevyo anayepokea anaona Arial na anachapa Arial. Shida ya pili ni ncha na mistari chini ya milimita 2: inanyanyuka wakati wa kuondoa mabaki, na ikibaki, vumbi la barabara ya Kasulu litaimalizia. Fonti za kuchakaa, zile za kuigiza rangi iliyobanduka, msizikate kabisa. Ni mamia ya vipande vidogo. Chapeni.

Kwenye fulana, mstari chini ya nusu milimita unapotea kwenye wavu wa kuchapia. Kwenye fotokopi mambo ni hayo hayo ila polepole: nakala ya kwanza inakondesha mistari myembamba, ya tatu inaikata, na tundu ndogo zinajaa tona, ule wino wa unga. Kampuni ya Kidachi ya Spranq mwaka 2008 ilitoa Ecofont, yenye vitobo vidogo ndani ya mistari ili kuokoa wino. Kwa pointi 10 jicho halivioni vitobo. Wazo zuri kwa ripoti ya ofisini. Kwa mtihani utakaotolewa nakala, vitobo vingine vinajaa na vingine vinabaki, na ukurasa unakuwa na upele.

Tuje kwenye tarakimu, ambako hatuna utani. Siku hizi kila kibanda kina Lipa Namba, namba ya kulipia kwa simu, ukutani. Tusikubali fonti ya ajabu kwenye namba, hata mteja akilia. 1 isiyo na mdomo ni I, na yenye mdomo mrefu ni 7. 6 iliyofungwa ni 8, 3 yenye pembe ni 8 pia. Zipo fonti ambazo tarakimu zake hupanda na kushuka, 3, 4, 5, 7 na 9 zikining'inia chini ya mstari. Katika kitabu zinapendeza, kwenye kibao mtu anadhani zimetoka kwenye mstari mwingine. Jina la duka liandikeni mnavyotaka. Namba iwe ya kawaida, nene, imekatwa makundi ya tarakimu mbilimbili au tatutatu, kimo kisipungue nusu ya kimo cha jina. Pesa ikienda kwa mtu mwingine, lawama inarudi kwa aliyechora.

Na alama ya ng'. Fonti za bure, hasa za mapambo, mara nyingi hazina alama hiyo. Programu inaikopa kwenye fonti nyingine, au inaweka kisanduku. Zilizo nayo huipa nafasi pana, kwa kuwa katika Kiingereza alama hiyo huangukia mahali pengine, si kati ya g na irabu. Matokeo ni «ng' ombe», maneno mawili, ng'ombe kachinjwa kabla ya buchani. Isogezeni kwa mkono hadi pengo la g na alama, na la alama na herufi inayofuata, yalingane na mapengo mengine ya neno. Kamwe msiifute ili kupata urahisi: «ngoa» na «ng'oa» ni maneno mawili. Daktari wa meno anang'oa. Ngoa ni wivu.

Walimu mlioko hapa mmetuuliza kuhusu fonti za kusaidia kukumbuka na za wanaosumbuliwa na kusoma. Mwaka 2018 chuo kikuu cha RMIT cha Melbourne kilitoa Sans Forgetica, iliyolalia nyuma na yenye mapengo, kwa dai kwamba ugumu kidogo wa kusoma humfanya mtu akumbuke. Watafiti wengine waliipima mwaka 2020, hawakuona faida hiyo. Mdachi Christian Boer alibuni Dyslexie mwaka 2008, yenye uzito chini ili b na d, p na q zisipinduke kichwani. Wapo wanaoipenda, na kupenda si jambo dogo kwa mtoto anayeogopa kitabu. Lakini majaribio yaliyosawazisha nafasi kati ya herufi yameonyesha kwamba nafasi ndiyo iliyosaidia, umbo si sana. Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, panueni nafasi ya herufi na ya mistari kwenye fonti mliyo nayo. Ni bure.

Kupima kwenyewe kuna mitego, na wakubwa wamenasa. Kabla ya alama mpya za barabara za Uingereza za 1965, fonti mbili zilishindanishwa: Transport ya Jock Kinneir na Margaret Calvert, yenye herufi ndogo, na ile ya David Kindersley, herufi kubwa tupu zenye viguu, yaani vijistari kwenye ncha za herufi. Watu waliketishwa jukwaani kwenye uwanja wa ndege wa Benson, gari likaja likiwa limebeba vibao juu yake. Ya Kindersley ilisomeka mbali kidogo zaidi. Wakachagua Transport, maana tofauti ilikuwa ndogo na sura yake iliwapendeza. Kipimo hakikumaliza ubishi. Kiliupunguza hadi ukabaki ubishi wa ladha, na ladha ikaamua kwa haki.

Marekani walinasa vibaya zaidi. Fonti ya Clearview iliruhusiwa kwenye barabara zao kuu mwaka 2004, ikaondolewa 2016, ikarudishwa 2018. Moja ya sababu za kuiondoa: sehemu ya ubora ulioonekana mwanzoni ilitokana na vibao kuwa vipya, vikishindana na vilivyopauka. Hilo tunalifanya hapa kila siku. Tunabandika stika mpya pembeni ya bango la miaka saba na kusema fonti mpya inaonekana.

Basi mkipima, rangi moja, siku moja, ubao mmoja. Majina ya fonti yafichwe, mkumbuke bwana yule wa Franklin. Anayesoma awe hajaliona neno, kwa hiyo kila fonti ipewe neno lake lenye urefu sawa, kisha mbadilishane kwa msomaji wa pili. Aanzie mbali, asogee, na asimame anapolitaja, siyo anapolihisi. Baadaye wekeni funiko la karatasi juu ya nusu ya chini ya neno: nusu ya juu pekee inatosha kusomeka kwa fonti nzuri ya herufi ndogo. Isipotosha, mjue ajabu ya fonti imekaa sehemu isiyotakiwa. Mwisho pimeni jioni, maana Kigoma jua huzama upande wa ziwa, na vibao vingi vinavyotazama maji vinapigwa usoni saa ile ile watu wanatoka kazini.

Ukutani pale tumebandika karatasi 12, kimo sentimita 10, rangi nyeusi moja. Chini tumechora mistari ya chaki, mita 12, 24 na 36. Wazee na vijana mchanganyike wawiliwawili, mmoja asome, mwenzake aandike. Anzieni mstari wa mbali, na tafadhali asiwepo wa kumnong'oneza mwenzake.